Ndiyo ya Jasusi

Je, ndugu msomaji, mtu akikuitikia "ndiyo" kwa ajili ya adabu tu, na kumbe hajaelewa kitu, amekudanganya? Utasema ni swali la watu wasio na kazi. Haya, mimi lilinikuta nikicheza gemu.

Gemu lenyewe linaitwa Operation: Tango. Lilitengenezwa na kampuni ya Clever Plays ya Montreal, Kanada, likatoka mwaka 2021. Huwezi kulicheza peke yako, lazima muwe wawili. Mmoja ni jasusi, anayeingia ndani ya majengo kwa miguu yake. Wa pili ni mdukuzi, anayeingia kwenye kompyuta za majengo hayo hayo. Kila mmoja ana skrini yake, na asichokiona huyu ndicho anachokiona yule. Hakuna kuchungulia. Chombo chenu ni mdomo tu, na saa inakimbia.

Hapo ndipo pana ajabu. Sisi tuliorithi kwa kaka zetu vitabu vya Willy Gamba wa Elvis Musiba na Joram Kiango wa Ben Mtobwa tumezoea shujaa mwenye siri zake, asiyemwamini kila mtu. Humu jasusi akimficha mwenzake hata kitu kidogo, wote wawili kwisha habari yao.

Sasa rafiki yangu ni kijana mwenye adabu kupita kiasi. Yeye jasusi, mimi mdukuzi, kila mtu kwao, tunasikilizana kwa simu. Namweleza alama fulani, kisha namwuliza, "Umeiona?" "Ndiyo kaka, nimeiona." Wapi! Hajaiona, ila anaona haya kuniambia nirudie mara ya tatu. Mimi naendelea mbele na ndiyo yake, kama mtu anayepanga matumizi ya hela iliyo mfukoni mwa mwingine, mpaka muda ukatuishia.

"Sikukudanganya," akaniambia. "Nilitaka tu usichoke."

Immanuel Kant, yule mwanafalsafa wa Kijerumani, aliandika mwaka 1797 kwamba kusema uongo ni kosa hata kama unayemwambia ni muuaji anayemtafuta rafiki yako aliyejificha kwako. Watu wamebishana naye hadi leo. Lakini bwana, ni wangapi kati yetu wamewahi kugongewa mlango na muuaji? Uongo wetu wa kila siku tunawaambia watu tunaowaheshimu, tena kwa sababu tunawaheshimu.

Kumbuka darasani. Mwalimu anauliza, "Mmeelewa?" Darasa zima, "Ndiyooo, mwalimu!" Hata yule wa dawati la nyuma anayenakili asichokijua. Mimi nasema ule ni uongo, ila hausemwi na mtu mmoja. Anayeuliza "mmeelewa?" ameacha mlango mmoja tu wazi, na kila mwenye adabu atapita hapo hapo. Ndiyo maana mimi na rafiki yangu sasa tunaulizana, "Unaona nini?" Hilo halina ndiyo. Lazima useme kitu, na ukisema "naona kama jicho, au samaki, sijui", tayari umesema kweli ambayo mwenzako anaweza kuifanyia kazi.

Kuna atakayeniambia nataka kuua adabu. Hapana. Bibi akikuuliza "umeshiba, mjukuu wangu?" na sufuria unaiona ilivyo tupu, utajibu umeshiba, na hata yeye anajua kwa nini. Ndiyo ile haimpotezi njia mtu yeyote.

Lakini mgonjwa je? Ameelezwa vidonge vyeupe mara ngapi na vya njano mara ngapi, kabla ya chakula au baada. "Umeelewa, mama?" "Ndiyo, daktari." Anafunga vidonge kwenye kona ya khanga, anashukuru, anatoka, na nyuma yake daktari ameshaita, "Anayefuata!"