Fundi wa Paa na Ujira Wake



Katika Luka 14:28 Bwana wetu anatupa mfano wa mtu anayetaka kujenga mnara, ambaye kwanza huketi na kuhesabu gharama. Sisi wazee wenu wawili tumeufundisha mfano huo darasani kwa miaka mingi. Lakini tulipotaka kuezeka upya nyumba yetu huku mlimani, hatukuketi wala hatukuhesabu.

Masika yalikuwa karibu. Akaja mtu mwenye maneno matamu, akasema yeye ni Mkristo mwenzetu. Tukampa fedha zote mkononi, bila maandishi wala shahidi. Alileta mabati membamba kuliko tuliyopatana, akapiga misumari bondeni mwa bati badala ya mgongoni, akaenda zake. Mvua ya kwanza iliponyesha, tulikesha tukihamisha sufuria chumba hadi chumba.

Safari ya pili tuliwauliza majirani: paa la nani halivuji, na nani aliliezeka? Hivyo ndivyo tulivyompata fundi wa kweli. Tulikwenda kuitazama kazi yake ya miaka saba iliyopita, tena siku ya mvua. Alipofika kwetu hakutaja bei kwanza. Alipanda darini, akatuonyesha kenchi zilizooza, ndipo akaandika hesabu: mbao zilizotiwa dawa, idadi ya mabati na geji yake, misumari, kofia, na ujira wake peke yake.

Ndugu, tujifunze hapo. Tusiridhike na picha za simuni, bali twende tukaone paa lenyewe. Tujue kwamba namba ya geji ikiwa ndogo bati huwa nene, yaani geji 28 ni nene kuliko 30. Vifaa tununue wenyewe dukani Moshi mjini na kutunza risiti. Mapatano yaandikwe mbele ya shahidi, na fedha zitolewe kwa hatua, kwa kadiri kazi inavyokwenda. Kwa kazi kubwa, kama paa la kanisa au la shule, tumtafute mkandarasi aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Makandarasi, iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 1997. Wala tusimchague mtu kwa sababu tu anajua kusema “Bwana asifiwe”.

Lakini neno zito bado. Fundi yule alimaliza kazi vizuri, nasi tukabaki na deni la sehemu ya mwisho ya ujira wake. Kwa kuwa wa kwanza alitula fedha, tulimwambia huyu wa pili angoje kidogo. Zikapita wiki tatu. Asubuhi moja, baada ya mvua kubwa ya usiku, alibisha hodi. “Shikamoo Mwalimu. Nimepita kuangalia kama paa linavuja.” Hakutaja deni. Tulikuwa tumelala pakavu chini ya jasho lake, naye hakuwa amelipwa.

Siku hiyo tuliona aibu. Sheria ya Musa katika Kumbukumbu la Torati 24:15 inaagiza kibarua apewe ujira wake siku ile ile, jua lisichwe juu yake, maana ni maskini na moyo wake unautegemea. Naye Yakobo, katika sura ya 5, anasema ujira uliozuiliwa hupiga kelele, na kelele hizo humfikia Bwana. Tulimlipa kabla hajaondoka, tukamwomba radhi.

Twalalamika kwamba mafundi waaminifu ni haba. Labda ni haba kwa sababu matajiri wa kazi walio waaminifu nao ni haba. Fundi anayelipwa kwa wakati ana nguvu ya kukataa msumari mbaya. Basi, kabla masika hayajaanza, kila mmoja wetu atazame paa lake, kisha atazame na daftari lake la madeni.

Bwana atujalie kuwa waaminifu katika yote mawili. Amina.