Huyu Ni Mbegu Gani?

Mbwa wetu anaitwa Tomi. Tulimpata miaka sita iliyopita kwa jamaa yetu anayefuga nyuki kule Inyonga, akiwa mdogo kiasi cha kubebwa ndani ya kapu. Ni wa rangi ya kahawia, mgongo wake una weusi, masikio yamesimama, na miguu ya mbele ina mabaka meupe. Mtaani kwetu hapa Mpanda kila mtu anamjua. Lakini akitufuata hadi stesheni siku treni inapoingia kutoka Kaliua, hakosekani mgeni wa kusimama na kuuliza, "Huyu ni mbegu gani?" Mara nyingi mgeni huyo hangoji jibu. Anajijibu mwenyewe.

Katika miaka hiyo sita Tomi ameitwa jamani shepadi, ameitwa chotara wa mbwa wa polisi, ameitwa mbwa koko, na mara moja aliitwa mtoto wa mbwa mwitu aliyetoroshwa kutoka Hifadhi ya Katavi. Wote walikosea. Tomi ni mbwa wa kienyeji, mama yake ni wa kienyeji, na wazee wa Inyonga wanasema mbwa wa namna hiyo wamekuwa wakilinda mizinga na mashamba tangu enzi za babu zao.

Tunajua kwamba hili ni jambo dogo. Hakuna aliyekufa kwa sababu mbwa ameitwa jina lisilo lake. Hata hivyo, kwa njia ya mbwa huyu Mungu alitufundisha jambo juu yetu wenyewe ambalo hatukupenda kulijua, na ndilo tunalotaka kuwashirikisha, wapendwa.

Tuanze na kosa lililotupendeza. Mgeni wa kwanza aliyesema, "Aa, hongereni, mna jamani shepadi," alikuwa mtu mwenye heshima zake, na majirani walikuwepo wakisikia. Sisi tulitabasamu tu. Hatukusema ndiyo, wala hatukusema hapana. Baada ya wiki moja habari ilikuwa imeenea mtaani kwamba nyumba yetu ina mbwa wa kizungu. Vijana walianza kupita mbali na uzio wetu. Mtu mmoja aliuliza kama tutamuuzia mtoto wake siku Tomi atakapozalisha. Nasi tuliendelea kutabasamu. Tulijiambia kwamba hatukusema uongo, kwa kuwa maneno hayakutoka kinywani mwetu. Lakini tulikuwa tunakula matunda ya uongo uliopandwa na mwingine, na shamba lilikuwa letu.

Ukichunguza, heshima tuliyoipokea haikuwa na msingi hata kwa upande wa mbwa wenyewe. Aina hiyo ya jamani shepadi ilianza kuandikishwa Ujerumani mwaka 1899, na aliyeianzisha, Max von Stephanitz, alikuwa ofisa wa jeshi aliyewachagua mbwa wa wachungaji na kuwapandisha kwa mpango. Chama cha Uingereza cha kuandikisha mbwa wa aina mbalimbali, Kennel Club, kilianzishwa mwaka 1873. Maana yake ni kwamba sehemu kubwa ya majina haya ya mbwa tunayoyatamka kwa heshima hayajafikisha umri wa vizazi sita vya watu. Kwa upande mwingine, mwaka 2009 wanasayansi walichapisha matokeo ya kupima damu ya mbwa wa vijijini katika Misri, Uganda na Namibia. Wale wa Uganda walionekana kuwa karibu wote ni wa asili ya hapa hapa Afrika, wala si mabaki ya mbwa wa Wazungu waliochanganyika ovyo. Mbwa tunayemwita koko, kana kwamba hana ukoo, huenda ana ukoo mrefu kuliko yule tunayemwita wa mbegu.

Tena, mwaka 2022 jarida la Science lilitoa utafiti uliohusu mbwa zaidi ya 18,000. Watafiti waliona kwamba aina ya mbwa inaeleza takriban asilimia 9 tu ya tofauti za tabia kati ya mbwa mmoja na mwingine. Kumjua mbwa ni mkali au mpole, mwoga au jasiri, jina la mbegu yake linakusaidia kidogo sana. Inabidi ukae naye.

Kosa la pili halikutupendeza. Jioni moja Tomi alirudi nyumbani akichechemea, na mguu wa nyuma ulikuwa na jeraha. Mtoto aliyekuwa karibu alituambia kwamba watu wasio wa mtaa wetu walimwona jalalani, wakasema, "Mbwa koko huyo," wakampiga mawe. Tulikasirika sana. Tulisema watu hawa hawana utu. Kisha mtoto wetu wa mwisho akauliza swali lililotunyamazisha: "Wangejua ni jamani shepadi wasingempiga?"

Mtoto alikuwa ameamini. Nani alikuwa amemfundisha? Naye, kwa akili yake ya kitoto, alikuwa ameshafikia hitimisho ambalo sisi wazazi tulikuwa tunalilea bila kulisema: kwamba kiumbe anastahili huruma kulingana na mbegu yake. Ndipo tulipoona kwamba aliyetupongeza na aliyerusha jiwe walitazama kwa macho ya namna moja. Mmoja aliona asili ya kuheshimiwa, mwingine akaona asili ya kudharauliwa, na hakuna kati yao aliyemwona Tomi.

Mwezi Septemba afisa mifugo alikuja mtaani kuchanja mbwa dhidi ya kichaa cha mbwa. Alipokuwa akijaza kadi alituuliza jina la mbwa, umri, kisha aina. Majirani walikuwa kwenye foleni, nao wameshika mbwa wao kwa kamba. Mtoto wetu alitutazama usoni. Tukasema kwa sauti ya kusikika, "Ni wa kienyeji. Ametoka Inyonga." Watu wachache walicheka. Ilikuwa aibu ya dakika moja, na tulirudi nyumbani wepesi kuliko tulivyokwenda.

Tumetaja mbwa mwitu. Mgeni aliyemfananisha Tomi naye alidanganywa na mabaka ya miguuni. Mbwa mwitu wa Katavi ana masikio makubwa ya mviringo, na miguu yake ya mbele ina vidole vinne, wakati mbwa wa nyumbani ana vitano. Hawazaliani. Lakini mnyama huyu naye ana kisa chake. Biblia zetu za Kiswahili zinapomtaja yule mnyama mkali anayerarua kondoo, humwita mbwa mwitu, kwa sababu mnyama wa nchi ya Biblia haishi katika misitu yetu na watafsiri walihitaji jina. Maana ya Bwana wetu aliposema juu ya manabii wa uongo (Mathayo 7:15) haipotei kwa hilo. Ila mnyama wa kwetu amebeba sifa mbaya ya mwingine. Wanaomfahamu wanasema kwamba kundi likiua windo huwaacha watoto wale kwanza, na waliobaki pangoni, hata mwenzao aliyejeruhiwa, huletewa chakula. Jina lilimtangulia, na watu wengi hawakutaka kujua zaidi.

Sasa tuseme lile lililotuleta kuandika. Hatuwalinganishi watu na mbwa. Mtu ameumbwa kwa mfano wa Mungu. Tunalinganisha macho yetu, yanavyomtazama mbwa na yanavyomtazama mtu, na tunaogopa kwamba ni macho yale yale.

Miaka michache iliyopita mama mmoja alihamia karibu nasi akaanza kusali katika jumuiya yetu ndogondogo. Alisema amekulia Katumba. Sote tunaoishi mkoa huu tunajua historia. Mwaka 1972 watu wengi walikimbia mauaji ya Burundi, na baadhi yao wakapewa ardhi Katumba, na baadaye Mishamo. Walifyeka msitu, wakalima, wakajenga makanisa na shule. Mwaka 2014 serikali yetu ilianza kuwapa vyeti vya uraia zaidi ya watu 160,000 wa makazi hayo na ya Ulyankulu, na wengi wao walikuwa wamezaliwa hapa hapa Tanzania. Mama huyu alikuwa mmoja wao. Hakuwahi kuishi nchi nyingine.

Ulipofika uchaguzi wa viongozi wa jumuiya, mtu mmoja alilipendekeza jina lake kwa kazi ya mtunza hazina, kwani alikuwa mwenye biashara na alijua hesabu. Mwingine akasema kwa sauti ya chini, lakini si ya chini vya kutosha, "Huyu si Mrundi? Akiondoka na fedha tutamfuata wapi?" Tulikuwepo. Tulimjua mama yule kuliko wengine, kwa kuwa uzio wetu na wake ni mmoja. Tukanyamaza. Akachaguliwa mtu mwingine, na sala ya kufunga ikasaliwa.

Wahenga walisema kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Lakini kuku aliyeanguliwa uani kwako, akataga na kuatamia hapo, utamfunga kamba mpaka lini?

Ndugu zetu, angalieni jinsi ukimya wetu ulivyokuwa mmoja mara zote mbili. Tulinyamaza kwa Tomi kwa sababu kosa la watu lilitupa heshima. Tulinyamaza kwa jirani yetu kwa sababu kulisahihisha kosa kungetupunguzia heshima. Na tukijipima kwa haki, tulihitaji jeraha la mbwa ili tuone jeraha la mtu. Hilo pekee ni la kuungama.

Katika Kitabu cha Tobiti kuna mbwa, na wengi wetu humpita bila kumwona. Tobia anaposafiri kwenda Umedi, mbwa anafuatana naye, na anaporudi, mbwa yumo nyuma yao (Tobiti 11:4). Mwenzi mwingine wa safari ile alikuwa kijana mgeni. Mzee Tobiti, kabla ya kumkabidhi mwanawe, alimuuliza: wewe ni wa kabila gani, na wa ukoo gani? Kijana alionyesha kushangaa kwamba anaulizwa kabila. Mwishowe alijitambulisha kuwa Azaria, wa ukoo wa ndugu zake Tobiti, na mzee akafurahi kwamba ni wa asili njema. Kumbe aliyekuwa mbele yake ni Malaika Rafaeli. Mzee alipewa jibu la ukoo, akaridhika nalo, na bado hakujua anazungumza na nani. Wala tusisahau kwamba mwulizaji wakati huo alikuwa kipofu.

Je, basi kuuliza ni dhambi? Hapana. Baba hawezi kumkabidhi mwanawe kwa mtu asiyemjua bila kuuliza lolote, na mzazi humfundisha mtoto wake kujihadhari na mbwa asiyemjua. Bwana mwenyewe alitufundisha kupima, akasema tutawatambua kwa matunda yao. Lakini matunda huchukua msimu. Tobiti aliuliza, kisha akamwacha mgeni atembee na mwanawe safari nzima, na mwisho wa safari macho yake yalifunguliwa. Swali lake lilifungua njia. La kwetu kwenye jumuiya lilifunga mlango, kwa sababu aliyeuliza hakumwelekezea mama yule, na sisi tuliokuwa na jibu hatukulitoa.

Hatutasema kwamba baadaye mama huyu alitutendea wema mkubwa, tukatambua kuwa ni mtu mwema. Hadithi nyingi huishia hivyo, nasi tunadhani zinakosea kidogo. Hata kama asingetutendea lolote, tulikuwa tumemkosea. Mtu hadaiwi kulipa kwa wema ili aruhusiwe kuwa wa hapa. Samweli aliambiwa kwamba Bwana hatazami kama binadamu atazamavyo (1 Samweli 16:7), na aliambiwa hivyo kabla Daudi hajafanya lolote la kusifiwa, akiwa bado malishoni na kondoo.

Tulikwenda kwake jioni moja, mume na mke, tukamwomba msamaha. Alitukaribisha, akatupa viti, akatusikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, "Mimi nilisikia siku ile. Niliwaangalia ninyi." Hakuongeza neno. Baada ya kitambo akaleta chai. Wiki iliyofuata, mbele ya jumuiya, tulisema yale tuliyopaswa kuyasema siku ya uchaguzi. Wengine walinung'unika kwamba tunafukua mambo yaliyopita. Yeye bado anakaa karibu na mlango tunaposali, na hatujui atakaa hapo mpaka lini. Hilo si juu yetu kumpangia.

Wageni bado wanashuka kwenye treni na kuuliza, "Huyu ni mbegu gani?" Siku hizi tunajibu kwa ukamilifu: ni wa kienyeji, ametoka Inyonga, anaitwa Tomi, anaogopa radi na anapenda watoto. Wengine huondoka kabla hatujamaliza. Wengine huinama na kumwita kwa jina lake, naye huwaendea.