Je, Kikomo cha Bei ya Umeme ni Dhuluma kwa Muuzaji?

Wapo wanaosema kwamba serikali inapoweka kikomo cha bei ya umeme wa jumla, inamdhulumu mzalishaji. Mtambo ni wake, gharama ni zake. Kwa nini asijipangie bei? Wahenga walisema, mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Swali langu ni hili: katika biashara hii, mnyonge ni nani?

Tuangalie jimbo la California, Marekani. Mwaka 1998 soko la jumla la umeme lilifunguliwa huko. Kampuni kubwa za usambazaji zilinunua umeme kwa bei ya soko, ilhali bei ya kumuuzia mwananchi ilikuwa imefungwa. Mwaka 1999 megawati-saa moja iliuzwa kwa takriban dola 30. Desemba 2000 ilipita dola 300. Januari 2001 mgawo wa umeme ukawafikia wananchi, na Aprili kampuni ya Pacific Gas and Electric ikafilisika.

Uhaba huo ulikuwa na sura mbili. Ukame ulikuwa umepunguza maji ya mabwawa, na gesi ilikuwa imepanda bei. Huo ulikuwa uhaba wa kweli. Lakini uchunguzi ulifichua hila pia: wafanyabiashara wa Enron walitoa umeme nje ya jimbo, kisha wakaurudisha kama umeme wa ugenini ili kukwepa kikomo cha bei cha ndani.

Mnunuzi wa embe akiona bei imezidi, hununua ndizi au hurudi nyumbani. Hospitali yenye mgonjwa mezani haiwezi kuahirisha umeme hadi kesho. Muuzaji anayejua kwamba mnunuzi hana njia ya kukataa hapatani naye bei; anamwamuru. Kwa maoni yangu, bei huwa ya haki pale tu mnunuzi anapoweza kukataa. Kwa hiyo kikomo hakimnyang'anyi muuzaji mali yake. Kinamwondolea nguvu ambayo hakuitolea jasho.

Hata hivyo, si kila kikomo ni cha haki. Kinachobana rejareja na kuiacha jumla huru humfilisi msambazaji. Kinachoishia mpakani huwa mlango wa hila. Ndiyo maana Juni 2001 serikali kuu ya Marekani ilipanua udhibiti wa bei hadi soko lote la magharibi. Bei zilishuka, ingawa gesi nayo ilikuwa imeshuka na wananchi walikuwa wamepunguza matumizi. Tena, kikomo kisichomrudishia mzalishaji gharama na faida ya kiasi ni dhuluma kweli.

Basi jibu langu ni kwamba serikali ina haki ya kuweka kikomo, lakini kwa kufanya hivyo inabeba deni. Kikomo hakijazi bwawa wala hakijengi mtambo. Serikali inayomlinda mnunuzi leo bila kushughulikia umeme wa kesho imeahirisha giza tu.