Deni la Mlango Uliofungwa

Tangu barabara ya mbele ya nyumba yangu iwekwe lami, nimemfungia paka wangu ndani asije akagongwa. Chakula hakosi. Hata hivyo alinenepa, akilala mchana kutwa na kurarua mapazia usiku. Nilimchapa. Kumbe kwa miaka mingi niliwafundisha walimu kwamba mtoto mtundu mara nyingi ni mtoto asiye na kazi!

Paka ni mwindaji. Shibe haimwondolei hamu ya kuwinda. Nikampigilia rafu tatu za kupanda ukutani, na nguzo ya kuparua iliyozungushiwa kamba ya mkonge. Kila magharibi namvutia unyoya kwa uzi, na mwishowe namwacha aukamate.

Je, kumlinda kiumbe kunatosha? Naona sivyo. Ukimnyima uhuru, hata kwa mapenzi, una deni la kumpa kitu badala yake.