Kabla ya Greda Kupita

Tafakari ya juma. Masomo: 2 Wafalme 22, 1–20 na 23, 15–18



Mfalme Yosia hakuwa akitafuta kitabu. Katika mwaka wa 18 wa utawala wake alitaka nyumba ya Mungu iliyobomoka itengenezwe, basi. Maseremala, wajenzi na waashi wakakabidhiwa fedha, na Biblia inashuhudia kwamba hawakudaiwa hesabu, kwa kuwa walifanya kazi kwa uaminifu. Ni jambo ambalo kila mmoja wetu aliyewahi kulipa kwenye bariere ya barabara atalisoma mara mbili. Katika kazi hiyo ya mawe na vumbi, kuhani Hilkia akakipata kitabu cha Torati. Akampa Shafani mwandishi, Shafani akamsomea mfalme, na mfalme akararua mavazi yake.

Kwa kawaida tunalihubiri somo hili kama fundisho juu ya toba. Juma hili naomba tulisome kama watu wanaokaa kando ya barabara inayotengenezwa. Tazameni alichofanya Yosia baada ya kusikia. Hakuwaambia mafundi waendelee tu kwa kuwa kazi ilikuwa imechelewa. Aliwatuma watu watano waende kuuliza, wakafika kwa Hulda, nabii, mama aliyekuwa anakaa mjini Yerusalemu, kwa sababu yeye aliweza kuwaambia kitu kile kilikuwa na uzito gani. Kilichokutwa kwenye ujenzi kilipelekwa kwa mwenye ujuzi kabla ya mtu yeyote kuamua la kufanya.

Sisi tunazifahamu barabara. Tarehe 16 Juni 2021 marais Félix Tshisekedi na Yoweri Museveni walizindua mpakani, Mpondwe na Kasindi, kazi ya barabara zenye urefu wa kilomita 223 katika Kivu ya Kaskazini. Kati ya hizo, kilomita 80 ni za Kasindi–Beni, na 54 ni za Beni–Butembo. Hakuna jamaa katika jimbo letu isiyoguswa na jambo hilo. Mama mwenye uchungu wa kuzaa anayebebwa kwenye pikipiki katika tope, mzigo wa viazi unaooza juu ya lori lililokwama, kijana wa chukudu anayesukuma kupanda mlima kwa kifua: hao wote wanaomba barabara, na maombi yao ni halali mbele ya Mungu. Wazazi wetu wanakumbuka pia miaka ambayo Serikali ilikuwa mbali, wafanyabiashara wa Butembo wakachanga fedha zao wenyewe kuzifungua njia. Siandiki kinyume cha barabara. Naandika juu ya siku zile chache zinazopaswa kuja kabla yake.

Ardhi ambayo greda zinaikwangua si tupu. Mahali mto Semliki unapotoka katika Ziwa Edward, kusini ya njia ya Kasindi, pako Ishango. Mwaka 1950 Mbelgiji Jean de Heinzelin alichimba pale akapata mabaki ya wavuvi wa kale, na kati ya vitu vyao kijifupa cha sentimita 10 hivi, kilichochomekwa kipande cha jiwe la quartz kwenye ncha yake moja. Kimechanjwa safu tatu za alama. Ukizihesabu utapata 60 katika safu moja, 60 katika nyingine, na 48 katika ya tatu. Wataalamu wanabishana hadi leo: je, ni hesabu, ni kalenda ya mwezi, au ni kitu kingine? Lakini wengi wao wanakubaliana kwamba kina umri wa miaka ipatayo 20,000. Na si hicho tu. Kilomita chache kutoka hapo, kandokando ya Semliki, panaitwa Katanda. Katika miaka ya 1980 Wamarekani Alison Brooks na John Yellen walichimba huko wakakuta vyusa vya mfupa, vyenye meno yaliyochongwa kwa uangalifu, pamoja na mifupa ya kambare wakubwa. Walipotangaza matokeo yao mwaka 1995, umri waliovipa vyusa hivyo uliwashangaza wengi: miaka ipatayo 90,000. Nao wasafiri wa njia ya kwenda Bunia wanaufahamu Mlima Hoyo; ndani ya pango lake la Matupi, Francis Van Noten alichimba mwaka 1973 na 1974, akapata zana ndogondogo za mawe zenye zaidi ya miaka 40,000.

Mvuvi wa Katanda alimngoja kambare kwa msimu wake, akachonga chusa, akawalisha watoto wake. Hakusikia habari ya Ibrahimu wala ya Yezu Kristu. Mungu aliyemuumba alimjua. Imani yetu haitikisiki kwa miaka 90,000. Inapanuka, kwa sababu uvumilivu wa Muumba kwetu sisi watu wa bonde hili ni mrefu kuliko tulivyodhani.

Sasa, kazi ya kuchimbua kabla ya barabara inafanywaje? Ni kazi ya miguu kwanza. Watafiti hutembea kwenye ukanda wote utakaokatwa, hatua kwa hatua, wakitazama ardhi: vigae vya vyungu, mavi ya chuma palipokuwa na tanuru la mhunzi, mawe ya kusagia, weusi wa mkaa katika ukuta wa mfereji. Wanauliza wazee. Palipo na dalili wanachimba shimo dogo la mraba, mara nyingi la mita moja kwa moja, wanashusha udongo tabaka kwa tabaka, wanauchekecha, wanaandika kila kitu kilipolala. Mahali ndipo penye maana. Chungu kilichong'olewa kikapelekwa nyumbani kwa mtu ni chungu tu. Kilichoachwa katika tabaka lake, karibu na mkaa wake na mbegu zake, kinaeleza nani aliishi hapo, alikula nini, na wakati gani. Tinga likishapita mara moja, hakuna mtaalamu wa nchi yoyote anayeweza kuyarudisha matabaka hayo.

Na jambo moja linasahauliwa karibu kila mahali. Hatari haiko tu pale lami itakapolala. Iko pia kwenye mashimo ya pembeni ambako kampuni huchimba kifusi cha kujazia, kwenye vilima vinavyopasuliwa kutoa kokoto, kwenye uwanja wa kuegesha mashine, kwenye vijia vya muda. Kilima kilichochaguliwa kwa kifusi kwa sababu kiko karibu na kina udongo mgumu, wababu wetu nao walikichagua kwa sababu hizohizo, wakajenga juu yake na wakazika juu yake.

Wapo watakaosema kwamba mambo haya ni ya nchi tajiri. Si kweli. Bomba la mafuta la kutoka Doba nchini Chad hadi Kribi katika pwani ya Kameruni lina zaidi ya kilomita 1,000. Watafiti Waafrika na wenzao wa nje waliitembea njia hiyo mbele ya mashine na nyuma yake, wakaorodhesha mamia ya maeneo ya kale ambayo hakuna kitabu kilichoyajua. Bomba lilikamilika. Mafuta yalipita. Benki ya Dunia, katika kazi inazozigharimia, inadai kampuni iwe na utaratibu ulioandikwa: kitu kikikutwa, kazi isimame mahali pale, pazungushiwe ulinzi, wahusika waitwe. Na sisi tuna sheria zetu. Amri-sheria namba 71-016 ya tarehe 15 Machi 1971 inalinda mali za utamaduni; sheria namba 11/009 ya tarehe 9 Julai 2011 inataka athari kwa mazingira na kwa jamii zichunguzwe kabla ya kazi kubwa kuanza. Kinachopungua ni watu wa kuuliza, wakati bado kuna muda, kama uchunguzi huo umefanyika na kama kuna mwanakijiji hata mmoja aliyesikilizwa.

Nirudi kwa Yosia, kwa sababu kuna sehemu ya pili ya habari yake ambayo ni ngumu zaidi. Kule Beteli mfalme huyu hakuwa mpole. Alibomoa madhabahu, akaamuru mifupa itolewe makaburini na kuchomwa. Bidii yake ilikuwa imeshika moto. Halafu akaona alama ya kaburi moja, akasimama, akauliza ni ya nani. Wenyeji wa mji ndio waliomjibu: ni ya mtu wa Mungu aliyetoka Yuda. Mfalme akaagiza mifupa ile isiguswe na mtu. Hakulijua kaburi lile. Hapakuwa na ramani yake katika jumba la Yerusalemu. Alilijua kwa sababu aliuliza, na kwa sababu watu wa mahali pale walikuwa bado wanakumbuka na hawakuogopa kumwambia mfalme.

Ndugu zangu wa Beni, ninyi mnaelewa mara moja kwa nini sehemu hii inanigusa. Tangu Oktoba 2014, katika mji wenu na katika teritwari yenu, watu wameuawa shambani, njiani, vitandani. Rwangoma mwezi wa Agosti 2016. Oicha, Eringeti, njia ya Mbau kwenda Kamango. Wengine walizikwa na jamaa zao kwa misa na nyimbo. Wengine walifukiwa haraka pale walipopatikana, kando ya njia, kwa sababu waliobaki walikuwa wanakimbia. Katika baadhi ya njia hizo mashine zimekwisha kupita, hasa tangu operesheni ya pamoja ya majeshi ya Kongo na Uganda ilipoanza mwishoni mwa Novemba 2021, na barabara ya vita haingoji mtafiti. Mahali pengine kuchimbua mbele ya barabara kunahusu miaka 20,000. Kwetu kunahusu pia miaka mitano, miaka kumi. Mifupa ya mtu aliyeuawa ni ushahidi. Ikisombwa pamoja na kifusi, kesi yake imefutwa kabla haijafunguliwa, na mama yake amenyimwa hata mahali pa kuweka ua.

Tena kuna waliokufa kwa Ebola. Ugonjwa ulitangazwa tarehe 1 Agosti 2018, ukatangazwa kuisha tarehe 25 Juni 2020, nao ulichukua watu zaidi ya 2,200. Jamaa hawakuruhusiwa kuwaosha wapendwa wao. Walisimama mbali, wakatazama watu waliovaa nguo za kinga wakiteremsha mfuko kaburini. Ilikuwa lazima, iliokoa maisha, na ilituumiza sana. Watu ambao hatukuwagusa siku ya kuwazika tuna deni kwao: makaburi yao yajulikane, yaandikwe, na mashine isikaribie bila jamaa kuitwa na wakubwa wa afya kuulizwa.

Musa alitoka Misri usiku, na haraka ya usiku ule tunaijua sisi tuliowahi kukimbia. Hata hivyo aliibeba mifupa ya Yosefu. Taifa zima lilikuwa linatafuta njia ya kwenda mbele, na mbele halikwenda bila marehemu wake. Ikiwa kaburi haliwezi kuepukwa, lihamishwe hivyo: kwa jina, kwa sala, jamaa wakiwepo na gharama ikiwa juu ya wenye mradi. Mara nyingi linaweza kuepukwa. Mhandisi akiambiwa mapema, kuusogeza mstari wa barabara mita chache juu ya karatasi ni kazi ya asubuhi moja.

Kuna hofu nyingine ambayo nimeisikia katika jumuiya zetu na haifai kupuuzwa. Baadhi ya waamini wanaona vyungu vya kale na mawe ya wababu kuwa vitu vya mizimu, heri vivunjwe. Wapendwa, chungu hakina dhambi. Mwanamke aliyekifinyanga alikuwa na mikono kama ya mama yako. Tunamwabudu Mungu mmoja, na kwa sababu hiyohiyo hatuna haja ya kuogopa udongo uliochomwa.

Lakini lazima niseme na la upande wa pili. Kijifupa cha Ishango kiko Brussels, katika makumbusho ya sayansi ya viumbe na dunia. Watoto wa Ubelgiji wanapelekwa na walimu wao kukitazama; watoto wa Kyavinyonge na Kasindi, wanaoweza kuona maji yaleyale ya Ziwa Edward, wengi hawajakisikia hata kwa jina. Kuchimbua kunakoondoa vitu bila kuacha elimu nyumbani ni nusu ya haki. Tunacho Chuo Kikuu cha Graben mjini Butembo tangu mwaka 1989, tunazo shule, tunazo kumbi za parokia zenye kabati na kufuli. Ikipatikana hata sahani moja ya vigae katika njia ya Beni–Butembo, ningependa vikae mahali ambapo mwanafunzi wa Lubero au wa Mutwanga anaweza kufika kwa nauli ya kwenda na kurudi siku moja.

Basi juma hili kila jumuiya ndogo ya kikristu ifanye kazi moja baada ya sala. Waiteni wazee, wakina mama wakongwe kwanza, kwa sababu wao wanakumbuka walikozika watoto. Ulizeni: makaburi ya ukoo yako wapi kati ya hapa na barabara? Mti gani ulipandwa juu ya mtu? Palikuwa na mhunzi wapi? Ni nani waliofukiwa njiani katika miaka ya vita, na karibu na nini: mto gani, kalavati gani, shamba la nani? Andikeni kwenye karatasi moja, kwa Kiswahili au Kinande, kwa mwandiko unaosomeka. Mahali ambapo kutaja jambo kunaweza kumletea mtu hatari, msiandike jina la aliyesema. Nakala moja ibaki kwa katekista, nyingine ifike parokiani kabla ya Dominika, ili tuipeleke pamoja kwa chefu wa kijiji na kwa mkubwa wa kazi za barabara, na tuombe mhuri wa kupokelewa juu ya kila ukurasa.