Je, Tumbatize ili Afunge Ndoa?

Mwaka 2009 mwongozaji wa filamu wa Indonesia, Sammaria Simanjuntak, alitoa filamu ndogo ya kujitegemea iitwayo cin(T)a. Neno cinta kwa lugha yao ni upendo. Inahusu wanafunzi wawili wa usanifu majengo mjini Bandung, kijana Mkristo na binti Mwislamu, wanaopendana huku kila mmoja akimpenda Mungu kwa dhati katika imani yake. Filamu hiyo ikionyeshwa katika ukumbi wa chuo hapa Mwanza, iwe Nyegezi au Bugando, vijana wetu watahitaji tafsiri ya maneno tu. Kisa chenyewe wanakijua. Wengine wamo ndani yake.

Kule Indonesia sheria ya ndoa ya mwaka 1974 inataka ndoa ifungwe kwa taratibu za dini ya wahusika, na mwaka 2023 Mahakama ya Juu iliwaelekeza majaji wasikubali maombi ya kuandikisha ndoa za watu wa dini tofauti. Kwetu Tanzania sivyo. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inatambua ndoa ya kiserikali, ile tunayoiita ya bomani. Mkristo na Mwislamu wakitoa taarifa kwa msajili siku 21 kabla, na pasipokuwa na pingamizi, wanaoana na kila mmoja anabaki na dini yake. Kwa hiyo dola haikufunga mlango. Swali limebaki mikononi mwa wazazi, mashehe na sisi wa kanisani.

Jibu lililozoeleka tunalijua sote. Binti wa usharika amepata mchumba Mwislamu. Wazazi wake wanataka ndoa ya kanisani, maana bila hiyo watawatazamaje wazee wa kanisa? Mchumba anaambiwa aingie darasa la ubatizo. Anahudhuria, anajifunza Katekisimu, anabatizwa Jumapili, na Jumamosi inayofuata anafunga ndoa. Vigelegele vinapigwa. Baada ya miezi michache hatumwoni tena ibadani, na Ijumaa anaonekana msikitini alikokuwa akienda tangu utoto. Upande wa pili mambo ni yale yale: kijana wetu wa kwaya anatamka shahada ili apewe mke, na moyoni hajahama.

Swali letu ni hili: je, ni haki kumbatiza mtu ili afunge ndoa? Tunasema si haki, hata kama nia ya wazazi ni njema.

Ubatizo ni kufa na kufufuka pamoja na Kristo, kama Paulo anavyofundisha katika Warumi sura ya 6. Tukiutoa kwa sababu ya harusi, tumeugeuza tiketi ya kivuko cha Kamanga: unailipia ili uvuke, na ukifika ng'ambo unaitupa. Kosa hilo si la mchumba peke yake. Yeye alionyeshwa dirisha la tiketi akalipa. Wanaoumia ni wengi. Mama yake mzazi, aliyemlea kwa swala na saumu, anaona mwanawe amechukuliwa kwa hila. Binti yetu anaanza nyumba juu ya jambo ambalo wote wawili wanajua si kweli. Na yule mtu ambaye kweli anamtafuta Kristo anatazamwa kwa shaka, anaulizwa anamwoa nani.

Wapo watakaotukumbusha 2 Wakorintho 6:14, kuhusu kufungwa nira pamoja na wasioamini. Wanalo neno. Sisi wa Usukumani tunaoujua ukulima wa ng'ombe tunaelewa kwamba nira ikiwafunga ng'ombe wasiolingana mwendo, mtaro unapinda na shingo zinachubuka. Vijana wasidanganywe kwamba upendo utamaliza yote. Mtoto atapewa jina gani? Ataandikishwa Kipaimara au madrasa? Mmoja akifa, atazikwa kwa ibada ipi? Na kitoweo atachinja nani? Jambo hilo la mwisho si dogo kanda hii. Mwezi Februari 2013, pale Buseresere mkoani Geita, mgogoro wa kuchinja kati ya Wakristo na Waislamu ulizaa vurugu, na mchungaji akauawa. Mambo haya yazungumzwe kabla ya mahari, kwa uwazi, wazazi wa pande zote wakiwepo.

Lakini tuseme pia kwamba ubatizo wa haraka haulingani mwendo wa ng'ombe wale. Unawafunika kitambaa tu ili wafanane. Na Paulo huyo huyo, katika 1 Wakorintho 7:12-14, anamwagiza ndugu mwenye mke asiyeamini asimwache ikiwa mke yuko radhi kukaa naye, na watoto wao anawahesabu kuwa watakatifu. Hakuagiza mke huyo abatizwe kwanza ili nyumba ihesabiwe nyumba. Naye Martin Luther, katika kijitabu chake cha mwaka 1522 kuhusu maisha ya ndoa, aliandika kwamba ndoa ni jambo la nje, la mwili, kama shughuli nyingine za dunia. Kwa hiyo kama mtu anaweza kula, kunywa na kufanya biashara na mtu wa imani nyingine, anaweza pia kuoana naye. Luther huyo huyo aliwaandikia Wayahudi na Waturuki maneno makali sana mahali pengine. Hata hivyo aliona kwamba ndoa na ubatizo ni vitu viwili.

Mzazi atauliza: mkikataa kumbatiza, si wataenda bomani, na binti yetu tutampoteza? Huenda wakaenda bomani. Lakini anayempoteza binti si boma. Anapotea pale tunapomtenga, jina lake lisitajwe tena kwenye jumuiya na mama yake aone haya kumtembelea. Binti aliyeolewa bomani bado ni mbatizwa. Tukiamua kumnyima Meza ya Bwana, tuwe tayari kumweleza kwa nini yule aliyeolewa kwa ubatizo wa uongo anakaribishwa mezani na yeye aliyesema kweli anazuiwa. Tunawaomba wazee wa kanisa wakae na swali hilo bila haraka.

Wapendwa, tunapendekeza jambo jepesi kulisema na gumu kulitenda. Darasa la ubatizo lisiwe na tarehe ya harusi mbele yake. Mchumba akitaka kumjua Kristo, aje, afundishwe kama mwingine yeyote, hata kama ndoa itavunjika njiani. Asipotaka, tumheshimu kwa kutomlazimisha aape asichokiamini, na tumwambie binti yetu kwamba kiti chake ibadani kipo, naye mume wake akija siku ya ubarikio wa mwanawe atapewa kiti kando yake. Kristo hakumpokea mtu yeyote kwa hila. Nasi tusimletee mtu kwa njia hiyo.