Kumlaki Mkulima Nje ya Soko

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume Muhammad, na jamaa zake na masahaba zake. Ama baad:

Zama za Mtume (s.a.w.) walikuwapo wafanyi biashara waliotoka nje ya mji kuilaki misafara. Mtu wa bara huja na nafaka yake juu ya ngamia, naye hajui bei ya sokoni. Mjanja humkuta njiani, akanunua kwa bei ndogo, kisha akarejea mjini akauza kwa bei aitakayo. Mtume (s.a.w.) alilikataza jambo hili, na muuzaji akapewa khiyari afikapo sokoni. Wanazuoni wa madhehebu ya Imam Shafii wamesema: kufanya hivyo ni haramu, mauzo yenyewe yasihi, lakini muuzaji akijua ya kuwa amepunjwa, aweza kuyavunja.

Yule mnunuzi hakushika upanga, wala hakuvunja nyumba usiku. Silaha yake ilikuwa kujua kwake na kutojua kwa mwenziwe. Aliiziba njia ya soko kabla mwenye mali hajafika.

Na asidhani mtu ya kwamba mambo haya yalikwisha pamoja na ngamia. Leo mkulima hulakiwa mbali zaidi: hulakiwa katika sheria yenyewe, ikaandikwa kabla hajatia mbegu yake ardhini.

Mwaka 1986 yalianza mazungumzo ya biashara ya dunia yaliyoitwa mazungumzo ya Uruguay. Mwaka 1987 msemaji mkuu wa Marekani katika mambo ya kilimo akawa Daniel Amstutz, mtu aliyetumika miaka mingi katika Cargill, kampuni kubwa ya biashara ya nafaka, kabla ya kuingia serikalini. Mkataba wa kilimo ulitiwa saini Marrakesh mwaka 1994, ukaanza kutumika mwaka 1995. Mataifa yalifungwa kupunguza ushuru wa forodhani. Lakini yale tajiri yalibakishiwa njia nyingi za kuwapa watu wao fedha za hazina.

Khabari ya pamba yatosha kuwa dalili. Msimu wa 2001 hadi 2002 bei ya pamba duniani ilianguka vibaya. Mkulima wa Mali, Burkina Faso, Chad na Benin aliibeba khasara hiyo kwa mgongo wake mwenyewe. Marekani iliwapa wakulima wake wa pamba, wapatao 25,000, zaidi ya dola bilioni 2. Tena lilikuwako fungu ambalo halikwenda kwa mkulima kabisa: lilipewa wenye viwanda vya nyuzi na makampuni yapelekayo pamba ng'ambo, ili wainunue pamba ya Marekani.

Mwaka 2003 nchi hizo nne zilipeleka malalamiko yao katika Shirika la Biashara Duniani, zikataka fedha hizo ziondolewe. Mkutano wa Cancún, Septemba mwaka huo, ulivunjika bila ya kuwapa jawabu. Brazil, iliyokuwa na nguvu ya kushitaki, ilishinda mwaka 2005. Lile fungu la makampuni likafutwa mwaka 2006, na mwaka 2014 Marekani ikakubali kulipa dola milioni 300 ili kuyamaliza madai ya Brazil. Wale wanne hawakulipwa fidia. Desemba 2015 mkutano wa Shirika hilo ulikaa Nairobi, ukakubali kuondoa ruzuku za kupeleka mazao ng'ambo. Ama fedha wapewazo wakulima wa nchi tajiri ndani ya nchi zao, zilibaki.

Hiyo ndiyo dhulma ya mbali, na kuilaani ni wepesi. Lakini ulimi uilaumuo Marekani na uitazame mizani ya nyumbani. Kule Lindi na Mtwara mkulima wa korosho, ghala yake ikiwa tupu, hujiwa na mtu mwenye fedha kidogo. Huzipokea kwa sababu ya njaa ya wanawe, akalipa korosho wakati wa mavuno kwa kipimo kiitwacho kangomba, kinachozidi kilo na kuhesabiwa kilo. Pengine mnunuzi huyo huswali safu ya kwanza. Naye amemlaki msafiri njiani, bali ameilaki njaa yake.

Na ajue mtu huyo: kuuza matunda yaliyo mtini kabla ya kudhihiri kuiva kwake, bila ya sharti ya kuyakata, hakusihi. Na kutanguliza fedha kwa mazao yajayo kuna sharti zake, nazo ni pamoja na kipimo kijulikanacho na muda ujulikanao. Kipimo cha hila si kipimo. Na katika Qurani imo sura nzima iliyoitwa kwa jina la wapunjao.

Basi mwenye fedha na amkopeshe mkulima mkopo mwema, arudishiwe kadiri ile ile aliyotoa. Ajuaye bei na amwambie asiyejua. Na atumwaye na watu kuketi katika mikutano ya biashara na akumbuke ya kuwa kiti kile ni amana, wala asikiuze kwa mwenye kampuni. Siku ya Kiyama kila aliyepunjwa atafika sokoni, na bei yote itadhihiri, na hapo hapatakuwa na njia ya kumlaki mtu nje ya mji.

Mwenyezi Mungu atutakasie chumo letu. Amin.